Furaha, musisimamishe insulini ya mama mbele mufupa ya kifua ifunge!

Furaha, salamu tutapeana nyuma. Kama leo asubuhi hamukumupiga mama sindano yake, acha simu pale, mupime sukari, uandike ile namba ku karatasi, kisha urudi kusoma.

Kwa wenye banaingia sasa: Furaha wa Bukavu ameandika kama mama yake, mugonjwa wa sukari, balimupasua moyo kule India, ile operasio ya kuunganisha mishipa mipya yenye banganga banaita pontaji. Amerudi nyumbani, kovu ya juu imekauka vizuri, lakini sukari inacheza kati ya 240 na 280 (miligramu mu desilita moja ya damu). Enfirmie mumoja wa kartie amebaambia mwili wa mama umekataa insulini ya India, baiache, bamupatie maji ya majani na bamutundikie seromu ya nguvu juu anaonekana muregevu.

Pale nilisoma "mwili umekataa insulini" damu ikanipanda. Hayo maneno niliyasikia mu nyumba ya baba yangu hapa Goma, kartie Himbi, karibu vilevile, na mutu mwenye aliyasema alikuwa na bluzi nyeupe na sauti ya kujiamini. Baba eko hai, tunashukuru Mungu, lakini kifua yake leo haiko na ule mufupa wa katikati kama wewe na mimi, na kiwanja ya Ndosho yenye alitaka kuachia bajukuu haiko tena ya kwetu.

Ilienda hivi. Baba alitoka India vizuri. Balitupa karatasi: insulini inite 20 asubuhi, inite 12 jioni, kupima sukari mbele ya kila chakula na mbele ya kulala, asibebe kitu kizito, akikohoa akumbatie muto wa kitanda ku kifua. Tukafuata. Sukari ikawa 140, 150, mara 165, sisi bote tukafurahi, bamama ba chumba ya sala bakaja kuimba. Kisha seringi zenye tulitoka nazo India zikaisha. Mudogo wangu akaenda ku farmasi akanunua zingine, na hakuna mutu ku nyumba alifikiria kitu, seringi si ni seringi. Nyuma ya siku kidogo sukari ikapanda 220, ikafika 260, siku moja apareyi ikaonyesha 310. Baba akala kidogo zaidi, ikabaki palepale. Akaacha bugali jioni, ikabaki palepale.

Sasa munisikilize vizuri hapa, juu hii sijaona mutu anaielezea familia zenye banarudi na wagonjwa. Insulini ya vichupa yenye banauza sana kule India, mara mingi ni ya 40, maana yake mu mililita moja kuko inite 40. Huku kwetu ile ya kawaida mu farmasi ni ya 100. Na kila moja iko na seringi yake: ya 40 iko na kifuniko nyekundu, ya 100 iko na kifuniko ya rangi ya chungwa, na iko imeandikwa ku mwili wa seringi, herufi ndogo sana, U-40 ao U-100. Ukivuta insulini ya 40 na seringi ya 100 mupaka ku alama ya 20, macho inaona inite 20, lakini mu seringi umevuta 8 tu. Nane! Baba alikuwa anapigwa sindano kila siku ku saa yake, mikono safi, pombe ku ngozi, kila kitu sawa, na alikuwa anapata chini ya nusu ya dawa yake.

Mutu wa bluzi nyeupe hakuomba kuona kichupa. Hakuomba kuona seringi. Aliangalia tu daftari ya sukari, akatikisa kichwa, akasema ile insulini haifanye tena, mwili umeikataa, mukiendelea mutamuharibu figo, muiache. Kidonda imekauka, operasio imekwisha, sukari ya operasio inaisha yenyewe. Na juu baba alikuwa muregevu, akasema tumutundikie seromu. Tulilipa hata ile seromu, dola juu ya dola, tukamupa na soda ya kunywa akimaliza kazi!

Mutu muregevu juu sukari imepanda, anakojoa usiku yote, anakunywa maji kama mwenye ametoka shamba, unamutundikia seromu ya glikoze? Ile ya asilimia 5, mufuko wa nusu lita, ndani kuko gramu 25 za sukari, ile ya asilimia 10 kuko gramu 50, na haipite hata tumboni, inaingia straiti mu mushipa. Ni sawa na kumumwagia mu damu vijiko sita ao kumi na mbili vya chai, kwa mutu mwenye tumemunyanganya insulini yenye ingeiondoa. Na alitundika zaidi ya mufuko mumoja. Mimi sina shida na baenfirmie, dada yangu mwenyewe ni enfirmie, anafanya kazi mbali na hapa, na siku yenye alisikia hiyo habari ya seromu alilia ku simu mbele hata hatujamuambia hali ya kidonda. Shida yangu ni mutu mwenye hajui na hataki kusema sijui, anaona familia imechoka na sindano, anabaambia ile neno yenye banataka kusikia.

Haya, turudi ku kidonda, juu hapo njo watu bengi banadanganyika na macho. Kidonda ya pontaji haiko kidonda moja. Kuko ngozi, na chini ya ngozi kuko mufupa wa kifua wenye balipasua na musumeno kutoka juu mupaka chini, kisha bakauunganisha na waya za chuma. Ngozi inafunga nyuma ya juma mbili tatu. Mufupa unaomba karibu myezi miwili, mara mingi mitatu. Kwa hiyo kovu yenye mama anaonyesha bageni, kavu, nzuri, ni ukuta wenye balipaka rangi wakati simiti ya ndani haijashika. Na kwa mutu wa sukari hali ni mbaya kidogo zaidi, juu kwa operasio hii mara mingi banganga banachukua mushipa wa ndani ya kifua bauunganishe ku moyo, ni mushipa muzuri sana kwa moyo, lakini njo huo ulikuwa unalisha ule mufupa damu. Upande mumoja wa mufupa unabaki na damu ya kuomba-omba. Tena kama balichukua mushipa mwengine ku muguu, muangalie na kidonda ya muguu, hiyo bengi banaisahau kabisa mupaka inanuka.

Na sukari inaingia wapi? Askari ba damu, zile chembe nyeupe zenye zinakula mikrobe, sukari ikipanda sana zinalegea: zinachelewa kufika, zikifika hazimezi vizuri. Mikrobe ya ngozi yenye kila mutu anatembea nayo, ile banaita stafilokoki, inashuka mu mufupa wenye haujafunga na haikute mutu wa kuizuia. Kisha mikrobe ikishika, mwili unaogopa, unatoa kortizoli na adrenalini, homoni za hofu, ini linamwaga sukari ingine mu damu, insulini yenye ilikuwa inatosha haitoshi tena. Sukari inaita mikrobe, mikrobe inaongeza sukari. Kwa hiyo Furaha, 280 ya mama inaweza kuwa seringi, inaweza kuwa chakula, na inaweza pia kuwa kidonda yenye imeanza kuoza ndani mbele ngozi ionyeshe kitu. Zote tatu, hakuna hata moja yenye dawa yake ni kuacha insulini!

Kwa baba ilianza na doa. Shati nyeupe ya kulalia, chini kabisa ya kovu, pale mbavu zinakutana, doa kidogo ya maji ya rangi ya chai, haikuwa kubwa kuliko kucha ya kidole. Mama akaifua. Kesho yake doa tena, palepale. Hakuna maumivu, homa ya 37 na kitu. Mutu wa bluzi nyeupe akaitwa, akafungua jelule ya antibiotiki, akamwaga ule unga juu ya kovu, akafunika na pansema, akasema itakauka. Ikakauka juu kweli, na hiyo njo ilitumaliza, juu ule unga ulitengeneza ganda, na usaha ikabaki ndani haina njia. Kisha usiku moja baba akakohoa, mimi nilikuwa mu chumba, nikasikia mufupa unalia. Tak. Akakohoa tena, tak. Ile sauti ukiisikia hauisahau. Nikaweka mukono polepole ku kifua, nikasikia pande mbili zinatembea.

Tulivuka mupaka asubuhi barriere ikifunguka. Kule hospitali yenye tulimufikisha, bale banganga ba moyo hawakupoteza hata saa moja: bakapima sukari, ikakuwa juu ya 400, bakaweka insulini ya kupita mu mushipa na mashine, saa kwa saa, mbele ya kumurudisha mu chumba ya operasio. Bakafungua kifua tena. Bakatoa waya, bakakwangua mufupa wenye ulikuwa umekufa, bakasafisha, bakaacha wazi na sponji na mashine ya kunyonya usaha, kisha bakarudi tena kuvuta nyama ya kifua bakafunika lile tundu. Antibiotiki ya mushipa majuma na majuma. Na kila siku kwa bili ya hospitali unaona namba inakua, na ku simu bandugu banaanza kuchelewa kujibu.

Munganga mumoja wa kule, mutu mupole, njo aliomba tumuonyeshe dawa zote zenye tulitoka nazo. Tukamwaga mufuko ku meza. Akachukua kichupa ku mukono moja, seringi ku mukono ingine, akaangalia, akatuangalia, akaandika ku karatasi: 40, na chini yake: 100. Hakusema neno. Sisi bote tulielewa.

Tangu siku ile nikaanza kusoma usiku, kila kitu nilipata. Na si siri, hii habari banganga baliijua zamani. Kule Portland, mu Marekani, Anthony Furnary na benzake balifuata bagonjwa ba sukari 2467 benye balipasuliwa moyo kutoka 1987 mupaka 1997. Ba kwanza balikuwa banapigwa sindano za insulini chini ya ngozi mara na mara, ba nyuma balipewa insulini ya kutiririka mu mushipa bila kusimama mu siku za kwanza nyuma ya operasio. Kuoza kwa ndani ya kifua kukashuka kutoka asilimia 2 mupaka 0,8. Operasio ileile, hospitali ileile, kitu kubwa kilibadilika ni ginsi balishika sukari. Balitangaza mu 1999. Kisha mu 2001, kule Leuven, Ubelgiji, munganga mwanamuke Greet Van den Berghe na kundi yake baliangalia bagonjwa 1548 ba chumba ya mahututi, zaidi ya nusu balitoka kupasuliwa moyo: benye balishikwa sukari kati ya 80 na 110, vifo mu ile chumba vikashuka kutoka asilimia 8 mupaka 4,6.

Sasa musikimbie na hiyo 80 mupaka 110 mukaitafute nyumbani! Mu 2009 ikatoka utafiti ingine, kubwa zaidi, wagonjwa 6104, banaiita NICE-SUGAR, Australia, Nyuzilandi na Kanada, ikaonyesha kinyume: kukaza sana sukari mu mahututi kuliongeza vifo, asilimia 27,5 kwa benye balikazwa, 24,9 kwa bengine, na sukari kushuka vibaya ikapatikana kwa asilimia 6,8 ya benye balikazwa na 0,5 tu ya bengine. Kwa hiyo banganga bakakubaliana katikati. Mwaka huo huo chama ya banganga ba kupasua kifua ya Marekani ikaandika: nyuma ya operasio ya moyo sukari ibaki chini ya 180. Hiyo njo namba yangu mimi. 180. Niliiandika na marka ku mulango wa frigo. Na Furaha, kama apareyi yenu ilinunuliwa Kampala ao Nairobi muangalie, zile zingine zinaonyesha kwa milimole, hapo 10 njo 180 yetu, usione 13 ukashangilia.

Sheria yangu ni moja na nitairudilia mupaka munichoke: insulini haisimame, haipunguke, haibadilike, mupaka mutu mwenye anafuata ile operasio aone daftari ya vipimo na aandike ku karatasi, na hiyo ni mupaka mufupa ufunge. Enfirmie wa kartie hapana. Pasta hapana. Shangazi mwenye alisikia ku redio hapana. Mutu wa farmasi hapana. Hata mama mwenyewe akilia kama amechoka kuchomwa, mumushike mukono, mulie naye, kisha mumupige sindano yake.

Najua mumoja atakuja kusema lakini ni kweli nyuma ya operasio mwili unapunguza kuomba insulini. Ni kweli kabisa! Siku za kwanza kuko ile hofu ya mwili, kortizoli iko juu, hata mutu mwenye hakuwa na sukari inaweza kupanda. Ikipita, inite zinaweza kushuka sana. Lakini zinashuka juu ya kipimo. Kama daftari inaonyesha 95, 88, 79, unapiga simu siku ileile, munganga anapunguza. Mama yako eko ku 280. Nani anapunguza dawa ya mutu wa 280?

Kitu cha kufanya sasa hivi. Chukua kichupa, usome: 40 IU/ml ao 100 IU/ml (IU njo inite). Chukua seringi, uangalie kifuniko na herufi. Kama haziendi pamoja, umepata mwizi. Lakini usikimbie kusahihisha peke yako na usipige hesabu mu kichwa, juu ku kinyume chake iko hatari zaidi: insulini ya 100 na seringi nyekundu ya 40, ku alama ya 20 unavuta inite 50, na hiyo inaweza kuua mutu usiku mumoja. Na kama wakati sukari ilipanda mulikuwa mushaongeza inite na seringi mbaya, musipige ile namba mupya na seringi nzuri, mutamuangusha. Mupeleke mama, kichupa, seringi na daftari, vyote vinne, kwa munganga wa sukari hapo Bukavu leo, iko banganga bazuri hapo, na mumutumie picha yule wa India ku WhatsApp, mara mingi banajibu.

Na mujue ginsi ya kuona sukari imeshuka, juu mama lazima eko na ile dawa ya kupunguza mapigo ya moyo, bisoprololi ao metoprololi. Ile dawa inaficha dalili. Moyo haukimbie, mikono haitetemeke kama kwa bengine. Yenye inabaki ni jasho. Mukiona anatoka jasho baridi bila sababu, ao anaongea maneno hayaeleweki, mumupime palepale. Chini ya 70, vijiko vitatu ao vinne vya sukari mu maji kama anaweza kumeza, mungoje dakika 15, mumupime tena. Hapo njo sukari ni dawa, hapo tu.

Kupima yenyewe, musimupime nyuma ya kumenya embe ao ndizi bila kunawa. Sukari ya tunda ku kidole inaingia mu tone la damu na apareyi inapiga kelele bure, siku moja kwetu ilionyesha 390, tukanawisha mikono na sabuni, ikakuwa 170. Maji na sabuni, kukausha kabisa, kisha kuchoma. Kopo ya bandeleti za kupimia sukari ifungwe kila mara, unyevu unaziharibu, na muangalie tarehe ya kuisha kwake. Insulini yenye haijafunguliwa inakaa mu frigo, lakini si mu barafu, ikiganda imekufa. Yenye iko inatumika inaweza kukaa inje mahali pa baridi karibu mwezi moja, hewa ya Goma na Bukavu inasaidia, kwa hiyo kama kuran ya umeme inakatika usilie, weka mu chungu ya udongo yenye maji pembeni, mbali na dirisha na mbali na moto.

Chakula sitaandika mingi, mujue tu ya kwamba mutu wa kidonda asifunge njaa juu ya kuogopa sukari, mufupa unajengwa na sambaza, mayai, maharagwe, lengalenga. Wenye banaleta shida ni bageni. Kila mutu anakuja na jusi, na soda, na asali ya Masisi banasema "hii ni ya asili haina shida", na uji wa sosoma wenye balimwaga sukari mupaka kijiko inasimama. Kwetu mama aliweka meza ku mulango, bageni banaacha vitu pale, banaingia na mikono mitupu na banasafisha mikono mbele ya kumusalimia. Bengine balikasirika. Bakasirike.

Na seromu, Furaha, nakuomba kwa jina la Mungu, kama mufuko iko umetundikwa saa hii, usome juu yake. Kama imeandikwa glucosé, nenda ufunge ile gurudumu kidogo ya ku mupira, kisha umpigie munganga. Usiogope kumukosea heshima yule enfirmie. Atakasirika leo, kesho atapita kwengine. Wewe njo utabaki na mama.

Muangalie kifua kila asubuhi na mwanga wa dirisha, si na tochi ya simu. Nyekundu yenye inapanuka, maji yoyote yenye inatoka hata kidogo, homa ya 38, maumivu yenye ilikuwa imepungua na inarudi, ao mufupa unalia akikohoa: ni hospitali siku ileile, si kesho, si nyuma ya misa. Na hakuna unga, hakuna majivu, hakuna majani juu ya kovu. Usaha ya ndani haimalizwe na kidonge wala unga, inaomba njia ya kutoka, na hiyo njia anaifungua munganga mwenye kisu. Asibebe bidon ya maji, asivute mulango nzito, asipande pikipiki ku barabara ya mawe. Waya zile ni nyembamba.

Sasa piga picha ya kichupa na ya seringi, zote mbili pamoja mu picha moja, uweke hapa chini, na uandike sukari imeonyesha ngapi. Niko nangojea.